KASESE: TAKA YENYE BEI ILISAFISHWA, ISIYO NA BEI IKAACHWA



Kiwanda kikifungwa, mishahara husimama, king'ora hunyamaza na mlinzi hutia kufuli langoni. Lakini taka zilizomwagwa nyuma ya ukuta hazina siku ya kustaafu. Mvua ikinyesha zinaendelea na kazi yake, na maji yanayopita ndani yake hushuka kwenye visima, mashamba na mito ya watu waliobaki. Wengi wa watu hao ni wafanyakazi wa zamani na watoto wao.

Safari hii tunaeleza habari za Kasese, magharibi ya Uganda. Huko mgodi mmoja uliacha taka za namna mbili. Ya kwanza iliondolewa kwa mitambo mikubwa na ujuzi wa hali ya juu. Ya pili ikabaki bondeni, na mafuriko yanaizoa. Zote mbili zina sumu, na zote mbili zilitoka katika shimo lile lile. Kilichozitenganisha ni bei ya sokoni. Hilo ndilo fundisho tunalotaka kila mwanachama alichukue, awe anafanya kazi kiwandani au shambani.

LUNDO LILIVYOANZA

Mgodi wa shaba wa Kilembe uko katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Ruwenzori. Kampuni ya Falconbridge kutoka Kanada ndiyo iliyouendeleza. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo shaba ikaanza kutoka. Mawe yalisagwa Kilembe, unga wa shaba ukatengwa, kisha ukasafirishwa kwa reli mpaka Jinja, ambako ulipata umeme wa bwawa la Owen Falls kwa kuyeyushwa. Maelfu ya wafanyakazi walipata riziki yao katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1970 serikali iliuchukua mgodi, na mwaka 1982 uchimbaji ukasimama.

Katika mawe ya Kilembe hamkuwa na shaba peke yake. Mlikuwa pia na pairiti, yaani jiwe la chuma na salfa ambalo hung'aa kama dhahabu na kuwadanganya wageni. Ndani ya pairiti hiyo mlikuwa na kobalti, madini ya thamani yanayotumika katika vyuma vya injini za ndege na, siku hizi, katika betri. Wakati ule hapakuwa na mtambo wa kuitoa kobalti hiyo. Basi pairiti ilitengwa na shaba, ikasagwa, ikamwagwa Kasese juu ya ardhi tupu ingojee siku yake. Mwaka baada ya mwaka lundo likakua. Mgodi uliposimama, lundo lilikuwa limepita tani milioni moja, na katika kila tani mlikuwa na kiasi cha kilo 14 za kobalti.

Kwa mwenye mahesabu, ile ilikuwa akiba. Kwa ardhi na maji ya Kasese, ile ilikuwa sumu iliyowekwa mahali pasipo paa wala sakafu.

MVUA, HEWA NA JIWE

Ndugu msomaji, yafaa kuelewa jinsi jiwe linavyoweza kuwa sumu. Pairiti ikiwa chini ya mlima, mbali na hewa, haina madhara makubwa. Lakini ikichimbwa, ikasagwa kuwa unga na kuachwa nje, hewa na maji huishambulia, kama vile chuma kinavyoshambuliwa na kutu. Salfa iliyomo hugeuka kuwa asidi ya salfuriki, ile ile inayotiwa katika betri za magari. Tani moja ya pairiti safi ikioza yote inaweza kutoa zaidi ya tani moja na nusu ya asidi. Uzito huo huongezeka kwa sababu pairiti huchukua oksijeni ya hewani na maji ya mvua. Isitoshe, kuna bakteria wadogo wasioonekana kwa macho ambao hupata nguvu kwa kula chuma na salfa. Hao huiharakisha kazi hiyo mara nyingi.

Asidi ikisha kuzaliwa haibaki peke yake. Huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na madini mengine, ikayabeba. Hivyo kila mvua iliyopiga lundo la Kasese ilitoka chini yake ikiwa maji machungu yenye madini mazito. Maji hayo yalishuka uwandani, yakaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na kuelekea Ziwa George. Yalikopita, majani na miti ilikufa, ikabaki njia ya udongo mtupu wenye rangi ya kutu. Pembeni mwa ziwa hilo kuna vijiji vya wavuvi kama Hamukungu na Kahendero, ambavyo chakula chao na fedha zao hutoka majini. Mwaka 1988 Ziwa George liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazopaswa kulindwa, lakini maji ya lundo hayakusoma orodha hiyo.

MAJI YASIYOONEKANA

Maji yanayopita juu ya ardhi huonekana, na mtu anaweza kuyakwepa. Yanayozama ndani ya udongo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mwanzoni udongo hufanya kazi kama chujio: hushika shaba na kobalti na kuacha maji yapite. Lakini chujio hujaa. Asidi ikizidi, udongo hushindwa kuyashika madini hayo, tena huyaachia yale uliyokuwa umeyashika zamani. Ndipo maji ya chini ya ardhi yanapochafuka. Kisima kinaweza kutoa maji meupe yasiyo na harufu, kumbe yana madini kupita kiasi. Macho na ulimi wa mtu havitoshi kuyapima. Hapana budi yapelekwe maabara.

Jambo la pili ni wakati. Maji ya chini ya ardhi hutembea polepole. Uchafu ulioanza leo unaweza kufika kisimani baada ya miaka, wakati meneja amekwisha hama na kampuni imekwisha badili jina. Kadhalika, chanzo kikisha ondolewa leo, kisima hakisafiki kesho. Kwa hiyo kupima maji mara moja na kutangaza kwamba mambo ni mazuri ni kujidanganya. Maji hupimwa kwa miaka mingi, majira ya mvua na ya kiangazi, katika visima vile vile.

KIWANDA KILICHOLISHWA TAKA

Mwaka 1992 iliundwa kampuni ya Kasese Cobalt kwa nia ya kulifanyia kazi lundo lile. Kiwanda kilianza mwaka 1999. Njia yake ilikuwa ya ajabu kwa wakati ule: bakteria wale wale waliokuwa wakiharibu ardhi ndio walioajiriwa. Unga wa pairiti ulichanganywa na maji katika matangi makubwa, ukatiwa chakula cha bakteria, na hewa ikapulizwa ndani usiku na mchana. Katika joto la nyuzi arobaini na kitu, bakteria waliila pairiti kwa siku chache, kazi ambayo lundoni ingechukua miaka. Kobalti ikatoka na kuingia majini. Mawe ya chokaa yakatiwa kuua asidi na kuangusha chuma, kisha kobalti ikatolewa kwa nguvu za umeme, ikawa chuma safi cha kuuzwa. Umeme wenyewe ulipatikana kutoka maji ya mto Mubuku.

Hapa tusiseme kwa pupa kwamba ule ulikuwa ubepari mtupu. Kazi ile ilikuwa ya maana. Pairiti iliyokuwa ikitoa asidi kila mvua iliingizwa mahali pa kufungwa, asidi ikauawa kwa chokaa, na mabaki yakapelekwa kwenye bwawa lililotengenezwa kwa ajili yake. Watu wa Kasese walipata kazi. Ujuzi mpya ulifika Uganda kabla ya kufika nchi nyingi tajiri. Mafundi wa pampu, wapimaji wa maabara, madereva wa matrekta na wachimbaji wa chokaa walifanya kazi ambayo katika hesabu za kampuni iliitwa uzalishaji, lakini kwa nchi ilikuwa pia usafishaji.

BEI ILIPOANGUKA

Lakini usafishaji ule ulikuwa na bwana mmoja tu, naye ni bei ya kobalti katika masoko ya ng'ambo. Bei hiyo ilipoanguka, mwaka 2002 kiwanda kilisimamishwa. Lundo lilikuwa bado lipo. Mvua haikusimama pamoja na kiwanda. Mwaka 2004, bei ilipopata nguvu, kazi ikaanza tena, na kufikia mwaka 2014 lundo lilikuwa limekwisha na kiwanda kimefungwa.

Tulipime jambo hili kwa makini. Katika miaka ile ya kusimama, asidi haikupungua na wavuvi wa Ziwa George hawakuacha kunywa maji. Kilichobadilika ni namba katika gazeti la biashara la London. Kama usafishaji ungekuwa wajibu uliofungwa kwa sheria na kuwekewa fedha zake, mfanyakazi asingeambiwa aende nyumbani wakati kazi ya kuokoa maji iko nusu.

Tena, lundo likisha ondolewa, udongo uliokuwa chini yake na ile njia ya kutu iliyokwenda hifadhini havisafiki vyenyewe. Miaka mingi ya asidi imeingia ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walichunguza ardhi hiyo na majani machache yanayoweza kuistahimili. Kanuni ya kuirudisha ardhi ya namna hii inajulikana: chokaa ya kupunguza asidi, mboji ya kurudisha uhai, kisha mimea migumu ya kuanzia. Lakini udongo ulioponywa namna hiyo hauna kobalti ya kuuza. Ni kazi isiyoleta faida kwa mwenye hisa, ingawa inaleta faida kwa nchi.

TAKA YA BONDENI

Sasa turudi juu, Kilembe kwenyewe. Mawe yaliposagwa na shaba kutolewa, yalibaki mabaki mengi ya mchanga na vumbi. Hayo yalimwagwa katika bonde jembamba la mto Nyamwamba, kando ya nyumba za wafanyakazi. Watafiti wamekadiria kwamba ni zaidi ya tani milioni 15. Ndani yake bado mna shaba na kobalti, lakini kidogo kidogo, isiyotosha kumvuta tajiri. Kwa hiyo hakuna kiwanda kilichojengwa kwa ajili yake kama kile cha Kasese.

Mto Nyamwamba unatoka katika milima mirefu, na ukikasirika hauna mfano. Tarehe 1 Mei 2013 ulifurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukafurika tena, na hospitali ikapigwa mara ya pili. Katika mafuriko kama hayo mto hula kingo za mabaki ya mgodi na kuyapeleka mashambani na mjini. Mtu akirudi kulima baada ya maji kupungua, hulima juu ya tope ambalo halijui lina nini.

Mwaka 2016 watafiti wa Uganda na wenzao wa nje walichapisha vipimo vya udongo, maji, vumbi la nyumbani na vyakula vya Kilembe. Walikuta shaba, kobalti na nikeli kupita viwango katika udongo wa mabaki na wa mashamba. Katika sampuli za maji ya matumizi ya nyumbani, kiasi cha robo zilikuwa na kobalti kupita kiwango walichokitumia kupimia. Kumbukeni kwamba mgodi ulikuwa umesimama mwaka 1982. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 34, na huenda ana watoto wake wanaoteka maji yale yale.

Ukiuliza nani mwenye taka hii, jibu huzunguka. Mgodi umepita mikono ya kampuni ya kigeni, serikali na wakodishaji, na kila mkono mpya unaweza kusema: mimi sikuitupa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Taka bila daftari haiishi, huishi bila mwenyewe.

KAZI YA KUSAFISHA NI NINI HASA

Wanachama wengine wanaweza kupata kazi katika miradi ya namna hii, au kuiona ikifanywa karibu nao. Basi wajue hatua zake, wasije wakaonyeshwa lori moja la udongo na kuambiwa kwamba mahali pamesafika.

Kwanza ni kujua. Vitabu vya kiwanda hufunguliwa, wazee waliofanya kazi hapo huulizwa ni nini kilimwagwa na wapi, kisha udongo huchimbwa kwa vina mbalimbali na kupimwa. Mfanyakazi mzee aliyeendesha toroli la taka anaweza kujua zaidi kuliko ramani ya ofisi.

Pili ni kukata chanzo. Taka huondolewa na kutibiwa, au hufungwa mahali pake kwa udongo wa mfinyanzi na utando usiopitisha maji, na mitaro huchimbwa kugeuza mvua isiingie.

Tatu ni udongo uliochafuka. Mwingine hutibiwa kwa chokaa, mwingine kwa mboji na vijidudu ikiwa uchafu ni wa mafuta, mwingine hauna dawa ila kuchimbwa na kuhamishiwa mahali palipojengwa kuupokea. Kuuhamishia katika kijiji kingine sio kusafisha, bali ni kuhamisha msiba.

Nne ni maji ya chini. Hupampuliwa juu, hutibiwa na kurudishwa, au hupitishwa katika ukuta wa mawe ya chokaa uliozikwa ardhini. Wakati huo wote watu hupewa maji mengine ya kunywa. Haifai waambiwe wavumilie.

Na katika hatua zote nne yumo mtu mwenye koleo. Kuchimbua taka ya zamani huamsha vumbi na mvuke uliokuwa umelala. Mchimbaji apewe kinga ya pumzi inayofaa kwa sumu iliyopo, glavu, viatu na nguo ambazo hufuliwa kazini wala hazipelekwi nyumbani kwa mke na watoto. Apimwe na daktari kabla ya kuanza, katikati na baada ya kazi, na majibu apewe yeye mwenyewe. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe. Mkataba namba 176 wa mwaka 1995 unawapa wachimba migodi haki hiyo hiyo.

NANI ALIPE, NA LINI

Kasese inatufundisha kwamba swali la malipo huulizwa siku ya kufungua, wala si siku ya kufunga. Siku ya kufunga, kampuni hulia kwamba haina kitu. Siku ya kufungua ina mkopo, ina leseni na ina matumaini. Ndiyo maana nchi nyingi sasa hudai dhamana: fedha zinazowekwa kando tangu mwanzo, zisizoguswa na mwenye mali, za kusafisha mahali wakati kazi itakapokwisha. Sheria ya Madini ya Uganda ya mwaka 2003 iliweka jambo hilo la dhamana ya mazingira. Kwa Kilembe sheria hiyo ilichelewa: mgodi ulikuwa umesimama kwa zaidi ya miaka 20.

Ndugu wa mashambani wasidhani habari hii ni ya wachimba madini tu. Ghala la dawa za wadudu zilizokwisha muda, shimo la madebe matupu ya dawa karibu na kisima cha kambi, josho la zamani la ng'ombe lililotiwa aseniki, na bwawa la maji machafu ya kiwanda cha ngozi au cha sukari, yote ni Kasese ndogo. Tofauti ni kwamba hayo hayana kobalti, basi hakuna tajiri atakayekuja kuyanunua.

Kwa hiyo kila tawi lifikirie kuyaweka mambo haya mezani katika mazungumzo na mwajiri. Daftari la taka liwepo, lionyeshe ni nini kilitupwa, kiasi gani, wapi na tarehe gani, na kamati ya usalama ya wafanyakazi iwe na nakala. Maji ya kunywa ya kambi na ya jirani yapimwe na maabara isiyo ya mwajiri, na majibu yabandikwe ubaoni kwa lugha wanayoisoma wafanyakazi. Fedha za kusafisha ziwekwe kando kila mwaka wakati kazi inaendelea. Na kiwanda au shamba likiuzwa, mkataba wa kuuza useme wazi nani anachukua taka, kama unavyopasa kusema nani anachukua malimbikizo ya mishahara na mafao ya wafanyakazi.

Jambo hilo la mwisho tulitilie mkazo. Kampuni ikibadili mikono, chama hupigania haki za wafanyakazi zisipotee njiani. Maji ya kisima nayo ni haki ya mfanyakazi. Mafao yanalipwa mara moja, lakini maji hutekwa kila asubuhi, na yule anayeyateka baada yetu hatakuwa na mkataba wa kumwonyesha mtu yeyote.